Siku Moja Maishani Mwangu: Albamu Tatu, Mizani Tatu

Saa 11 alfajiri

Leo ni Jumatano, na albamu zinatoka Ijumaa. Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilikubaliana kutoa kazi mpya siku hiyo moja, kwa hiyo wiki nzima ya mhakiki huelekea huko. Cha kwanza ni kusoma masharti ya faili nilizotumiwa mapema: ruhusa ya kuchapisha inaanza lini, na kwa saa za wapi. Usiku wa manane wa London wakati wa kiangazi, hapa Dar es Salaam ni saa 8 usiku. Wakati wa baridi ni saa 9. Ukiteleza saa hiyo moja umevunja ahadi, na wiki ijayo hutumiwi kitu.

Mezani kuna kazi tatu: taarab ya Unguja, singeli ya Dar, na rumba ya Kongo.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kabla ya kusikiliza chochote, nasawazisha ukubwa wa sauti. Hapa ndipo hukumu nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Mpigie mtu rekodi ile ile mara mbili, ya pili uiongeze kidogo tu, atakuambia ya pili ni safi zaidi. Singeli mara nyingi hutoka studio ikiwa imebanwa hadi -8 au -7 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi. Taarab iliyorekodiwa kwa ala hai inaweza kukaa -18. Ukizifuatanisha hivyo hivyo, taarab itasikika imelala, na kosa si lake. Kwa hiyo kila faili napitisha kwenye programu ya kupimia, naandika namba, kisha zile kubwa nazishusha hadi -18. Singeli ya -8 inashuka desibeli 10. Nashusha, sipandishi: ukiipandisha taarab, vilele vyake hugonga dari na sauti ikaanza kukwaruza.

Saa 1 asubuhi

Mzunguko wa kwanza, bila kalamu, bila simu, nyimbo kwa mpangilio wake. Msanii alichagua wimbo wa nne ufuate wa tatu. Anayerukaruka hawezi kusema lolote kuhusu mpangilio. Nikimaliza naandika sentensi moja tu kwa kila albamu: kazi hii ilikusudia nini? Sentensi hiyo ndiyo nguzo, kwa sababu albamu hupimwa kwa kusudi lake. Rumba iliyotungwa watu wacheze usiku kucha huwezi kuilaumu kwa kukosa utulivu.

Saa 3 asubuhi

Taarab, na hapa sina haraka. Swali la kwanza: kanuni hii, ile ala ya nyuzi ya taarab, ni ya nyuzi kweli au imeigwa kwa kinanda? Kanuni ya kweli ina nyuzi tatu kwa karibu kila noti, na mpigaji anazikwangua kwa risha za vidoleni. Akitetemesha noti moja, mipigo hailingani nguvu hata akiwa fundi wa mafundi. Ya kinanda hutoa mipigo inayofanana kama punje za tasbihi. Mhakiki anayesifia "mpigaji kanuni" ambaye ni kitufe ameshajimaliza, kwa hiyo nikiwa na shaka namwandikia meneja wa kundi kumuuliza. Orodha za wapigaji kwenye majukwaa ya muziki mara nyingi hazijakamilika.

La pili ni maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Rast na bayati zina noti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda cha kawaida. Udi na fidla huzifikia kwa kidole. Kinanda hakizifikii mpaka mtu akitune upya. Matokeo yake, mwimbaji anavuta sauti kuelekea robo noti huku kinanda kimeshikilia nusu noti chini yake, na msikilizaji anahisi kitu kinakereketa asijue ni nini. Naandika dakika na sekunde. "Wimbo wa pili, 6:40" ni ushahidi. "Kuna mahali pana kasoro" si ushahidi.

La tatu ni shairi, nalo nalihesabu kwa penseli. Tuseme mshororo ni huu: "Sikujua kuwa wewe, ungenigeuka leo." Si-ku-ju-a-ku-wa-we-we, nane. U-nge-ni-ge-u-ka-le-o, nane. Mshororo unaofuata ukisema "Nilikupa moyo wewe, ukaufanya kimbilio", kipande cha pili kina mizani tisa. Sikiliza mwimbaji atakavyofanya: ataimeza "u" ya "-ufanya", au atasukuma neno zima nyuma ya pigo. Mwimbaji mzoefu huificha kasoro hiyo kwa kuivuta silabi iliyotangulia, na hapo sifa ni yake, lawama ni ya mtunzi. Ukiwachanganya hao wawili umemdhulumu mmoja.

Naandika pia urefu wa ala kabla ya sauti kuingia. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, na baada ya hapo wimbo wa dakika 2 na wa dakika 14 huhesabiwa sawa. Kundi linalothubutu leo kutoa ufunguzi wa ala wa dakika 3 limechagua kitu chenye gharama, na msomaji ana haki ya kujua.

Saa 6 mchana

Masikio yanapumzika. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo salama. Mimi nabaki chini ya hapo, na kila dakika 50 napumzika 10. Sikio lililochoka hupoteza kwanza sauti za juu, kisha unaandika kwamba albamu ni "nzito na yenye giza" kumbe ni wewe.

Saa 8 mchana

Singeli. Kasi yake ni kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na programu za kupima kasi hukosea hapa kila siku: wimbo wa 220 husomwa 110. Nagonga meza kwa sekunde 15, nazidisha kwa 4. Kasi yenyewe si sifa. Ninachotafuta ni nafasi: je, MC, yaani mwimbaji, anapata pa kupumua, au maneno yanagongana na kitanzi cha kinanda, kile kipande kinachorudiwa? MC mzuri hupanga pumzi zake ziangukie pale kitanzi kinapojirudia.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, na wahakiki wa Ulaya wakaanza kuifananisha singeli na gabba, muziki wa kielektroniki wa kasi wa Rotterdam. Zote mbili ni za kasi, nakubali. Lakini asili ya singeli ni sherehe za vigodoro na muziki wa mchiriku wa uswahilini, na asiyejua Kiswahili hasikii utani, mafumbo wala majina ya mitaa. Uhakiki wa namna hiyo umesikia nusu ya albamu, hata kama umeipa alama za juu.

Saa 10 jioni

Jaribio la barabarani. Namwambia dereva wa bajaji: "Kaka, naomba utuwekee hii." Spika ya bajaji mara nyingi ni moja, na sauti zilizotandazwa kushoto na kulia kwa ujanja wa studio zinaweza kufutana zikikutanishwa. Kiitikio kilichokuwa kipana hedifoni kinageuka mnong'ono. Kisha spika ya simu: besi ya chini kabisa haimo humo. Prodyuza mwerevu huipa besi mkwaruzo kidogo, ili sehemu yake ya juu isikike hata kwenye simu. Muziki wa mtaani ukishindwa mtaani, hiyo ni kasoro ya kuandikwa.

Saa 11 jioni

Rumba. Napima mambo mawili: wimbo unavyovuka kutoka ubeti wa polepole kwenda sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa na kucheza, na gitaa la mi-solo, lililo kati ya solo na ridhimu, kama lina kauli yake au linajaza pengo tu. Mabanga, yaani majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo, nayahesabu. Ni desturi na ni riziki, sikatai. Lakini yakiangukia juu ya gitaa la solo, nasema.

Saa 1 usiku

Sasa tu ndipo nasoma wenzangu, baada ya maoni yangu kuwa kwenye karatasi. Tovuti ya Metacritic hukusanya alama na kutoa wastani kati ya 0 na 100, lakini huhitaji angalau uhakiki 4 kutoka vyombo inavyovitambua, ndiyo maana albamu nyingi za kwetu hazimo kabisa. Tena nyota 3 kati ya 5 hugeuzwa kuwa 60. Mwandishi alimaanisha "nzuri", msomaji anaona mtoto amefaulu kwa shida. Nikimnukuu mhakiki, nanukuu hoja yake, naiacha namba.

Saa 2 usiku

Kuandika, maneno 450 kwa kila albamu. Aya ya kwanza: kusudi. Ya pili na ya tatu: ushahidi wenye dakika. Hukumu inakuja mwisho, na "kali", "moto" na "ya kimataifa" nazifuta kila ninapozikuta.

Saa 5 usiku

Narudia kila dakika niliyoitaja dhidi ya faili, kwa sababu toleo la mwisho wakati mwingine hukatwa sekunde kadhaa mwanzoni. Ya taarab imesogea: 6:40 imekuwa 6:32. Nasahihisha, namtumia mhariri. "Dada, makala tatu hizo. Ya rumba usiitoe kabla ya saa 8 usiku wa kuamkia Ijumaa."