Damu ya mwisho wa mkojo

Choo cha kulipia pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ni shilingi mia mbili, na kwa bei hiyo hukai kuchunguza ulichokitoa. Siku ile nilichunguza. Mkojo ulianza na rangi yake ya siku zote, ukaenda vizuri, halafu matone ya kumalizia yakatoka mekundu. Nilisimama pale mpaka mtu akagonga mlango. Nikajiambia ni choya, ile juisi nyekundu, maana jana yake nilikunywa glasi mbili harusini. Baada ya siku tatu ikarudi, na harusi haikuwepo.

Nina miaka 52, nauza dagaa, na hospitali yangu ya kwanza, kama ya wenzangu wengi sokoni, ni duka la dawa. Kijana akaniuliza kama inauma. Nikamwambia inachoma kidogo mwishoni. "UTI hiyo, mzee, maambukizi ya njia ya mkojo," akanifungia sipro, antibiotiki ya siku saba. Siku ya nne damu ikakata, nikamsifu kwa watu. Mwezi uliofuata ikarudi, nikachomwa sindano tano. Ikakata. Ikarudi tena, na safari hii akasema ni "UTI sugu". Mjini kwetu UTI sugu ni ya kila mtu: mwenye kisukari anayo, mwenye mawe kwenye figo anayo, mzee mwenye tezi dume anayo, na wengi wao mkojo wao haujawahi kuoteshwa maabara ikajulikana ni mdudu gani na anauawa na dawa gani.

Nilichomficha yule kijana ni kwamba damu hii tulishaonana. Nimekulia Misungwi, nikichunga ng'ombe. Mchana tulikuwa tunajitosa kwenye lambo pamoja na mifugo, na jioni tunasimama juu ya jiwe kushindana nani anakojoa mbali. Karibu wote tulimaliza na nyekundu. Wakubwa wetu walisema ndiyo dalili ya kukua, na aliyekuwa bado hajaiona alichekwa. Kisha ikaisha yenyewe, nikahamia mjini, nikasahau.

Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu, na swali lake la kwanza lilinishangaza: "Baba, damu inatoka mwanzo, mwisho, au mkojo wote ni mwekundu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ikitoka mwisho, akasema, mara nyingi chanzo kiko kwenye kibofu au shingo yake, kwa sababu kibofu kinajikaza kumalizia na kidonda kinakamuliwa. Swali la pili: unaingia maji gani? Nikajibu kwa haraka, ziwani, nikijua anatafuta kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa majini. Akatikisa kichwa. Kichocho kinachoenea kwenye Ziwa Victoria ni cha utumbo, konokono wake ni wengine, na damu yake utaitafuta kwenye choo kikubwa. Cha kibofu kinapenda maji yaliyotuama: malambo, madimbwi, majaruba ya mpunga. Nimekaa miaka mingi hapa kando ya ziwa na sikulijua hilo.

Nikamwambia basi kwamba tangu miaka minne iliyopita nimerudia jaruba la marehemu baba kule Misungwi, na kila msimu tunapandikiza mpunga maji yakiwa magotini.

Mkojo wa asubuhi niliobeba kwenye chupa aliukataa. Alitaka uliotoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa mayai ya mnyoo huyu hutoka kwa wingi saa hizo, na nitembee kwa kasi kwanza ili yajinasue yaingie kwenye mkojo. Basi mzee mzima nikapanda na kushuka ngazi za hospitali mara kumi, walinzi wakinitazama. Yule wa maabara akaniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Yai lina umbo la mbegu ya tikiti, na mkiani lina mwiba. La kichocho cha ziwani mwiba wake uko ubavuni. Mayai yale, yakipenya ukuta wa kibofu, ndiyo yaliyokuwa yananitoa damu.

Nilidhani yameisha, nipewe dawa niende. Lakini alikuwa ameandika pembeni: umri, na sigara. Nimevuta miaka ishirini na mbili. Sigara peke yake ni njia ya kupata saratani ya kibofu, na kichocho kilichokaa miaka mingi ni njia nyingine, mbali na kuziba mirija ya mkojo mpaka figo zivimbe. Na saratani ya kibofu mara nyingi huanza na damu isiyouma, inayokuja na kupotea, kiasi kwamba ikipotea unamshukuru muuza dawa. Akauliza pia naamka usiku mara ngapi (tatu, mimi nililaumu chai), mkojo unakatikakatika, nahisi umebaki? Kumbe na tezi dume imeanza kukua. Mambo mawili ndani ya suruali moja.

Wakanipiga picha ya tumbo ya mawimbi ya sauti, kisha ikaja siku ya kamera. Ni mrija mwembamba unaopitishwa pale pale unapopitia mkojo, na sitasema hauogopeshi. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja aliyebeba mfuko wake wa mkojo ndani ya rambo. Alikesha na kibofu kilichojaa akishindwa kutoa hata tone, mpaka wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. "Nilidhani ni uzee tu," akasema. Ndani yangu waliona mabaka kama mchanga uliomwagwa ukutani, mayai ya zamani yaliyogeuka chokaa. Uvimbe haukuwepo.

Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Nina kilo 75, vikawa vidonge vitano vya 600, vikubwa na vichungu, baada ya kula. Kichwa kilizunguka mpaka jioni. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inanusurika, ndiyo maana nilirudia baada ya wiki kadhaa. Bwana afya anashauri kuvaa buti jarubani. Avae yeye, kwenye tope la Misungwi mguu unatoka na buti linabaki.

Nilipokuwa nimeshika mlango kutoka, daktari akaniita. "Na mama? Mnalima wote?"

Tunalima wote. Akanieleza kwamba kwa mwanamke mayai yale hujichimbia hadi kwenye mlango wa kizazi: muwasho, uchafu, maumivu ya chini ya tumbo, damu baada ya tendo. Hufanana na magonjwa ya zinaa, na dawa za zinaa hayazisikii. Nikakaa tena kwenye kiti. Mwaka juzi mke wangu alikuwa na hayo yote. Nilimpeleka akachomwa sindano, nikamuuliza kayatoa wapi, nikalala dukani wiki mbili.

Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote, konokono, mwiba, mpaka mlango wa kizazi. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo ni mpunga," akasema.

"Ni mpunga, Mama Kulwa."

"Jaruba la nani?"

"La kwetu."

Hapo ndipo ungo ulipotulia na macho yakainuka. Vipimo vikathibitisha, akapewa vidonge vinne. Siku ya kuvimeza ugali alisonga mwenyewe, ila sato alinikabidhi mimi nipare magamba, nje, uani, wapangaji wote wakiona.