Kichwa Nilichokiacha Nusu

Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, Ijumaa Kuu ikiwa ndiyo kwanza imepita. Habari nilizipata kwa meseji alfajiri. Sikuamini, maana siku hizo uzushi wa vifo vya mastaa ulikuwa haukauki. Redio ilipothibitisha, nilikaa sakafuni jikoni kwa mama mdogo, Mwananyamala, nikalia kama niliyefiwa na kaka yangu wa tumbo moja.

Nilikuwa na miaka 20, nasuka kwenye saluni ya mtaani. Kwenye kona ya kioo changu nilikuwa nimebandika picha yake niliyoikata gazetini, na kila asubuhi niliifuta vumbi kabla hata sijafuta kiti. Filamu zake tuliazimana mtaa mzima mpaka sidii zikawa zinakwama. Nilijua anavyotembea, anavyokasirika, anavyocheka kabla ya kusema jambo zito. Niliamini namjua. Kumbe nilichokijua ni kazi yake, na kazi aliifanya kweli: kijana wa Shinyanga akaigiza na Wanigeria, akapendwa mpaka Rwanda, Burundi na Kongo, akafa ana miaka 28. Ila mwenyewe, akishafunga mlango wake usiku, sikumjua hata kidogo. Wala hakuwahi kuniomba nimjue.

Jumatatu ya Pasaka saluni ilifurika. Mazishi yalikuwa kesho yake, na karibu kila aliyeingia alitaka twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma inayosukwa harakaharaka mtu akiwa na msiba. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa na msiba. Mimi nilikuwa namsuka mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, mtu asiye na maneno mengi. Upande wa kulia nilikuwa nimeshaumaliza.

Mazungumzo yote yalikuwa juu ya yule binti. Sitamtaja, jina lake limeshatukanwa vya kutosha. Alikuwa msanii mwenzake, alikuwapo nyumbani kwa marehemu usiku ule, na polisi walikuwa wanamshikilia. Mle ndani hakuna aliyejua kilichotokea. Mahakama yenyewe ilikuja kutoa hukumu Novemba 2017, ya kuua bila kukusudia, baada ya miaka mitano na zaidi. Sisi kesi tuliimaliza kabla ya adhuhuri. Mmoja akasema anyongwe. Mwingine akasema kunyongwa ni kumhurumia, aachiwe wananchi. Dada mwenye saluni akayasema ya mwili wake na mavazi yake, mambo ambayo siwezi kuyaandika. Na mimi, mikono ikiwa kichwani mwa mtu, nikatia langu:

"Na mama yake naye aungane naye hukohuko. Si ndiye aliyemlea?"

Nilihisi shingo ya yule mama imekakamaa. Hakugeuka.

"Mwanangu, huyo mtoto ana miaka mingapi?"

Mtu akajibu kutoka kwenye benchi: kumi na saba, kumi na nane, huko.

"Mimi ninaye wa hivyo nyumbani."

Akasimama, chanuo langu likiwa bado limenasa kwenye nywele. Akalichomoa mwenyewe taratibu, akanipa. Nikamwambia, "Mama, bado upande mmoja." Akafungua fundo la khanga, akatoa pesa yote ya msuko, akaiweka kwenye kiti alichokuwa amekalia, akajitanda mtandio, akatoka. "Kwani huyo binti ni ndugu yake?" mtu akauliza, wakacheka. Hakuna aliyejiuliza sisi tulikuwa nani wa Kanumba.

Ningependa kuandika kwamba nilijifunza palepale. Sikujifunza. Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani kwa miguu kwenda viwanja vya Leaders, Kinondoni, na picha ya kwenye kioo nimeibandua, nimeishika mkononi. Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Walikuwa juu ya kuta, juu ya miti. Makamu wa Rais, Dk. Bilal, alikuja. Wanawake walikuwa wanazimia, wanabebwa juu juu kupitishwa vichwani mwa watu. Ilipofika zamu ya kuaga mwili, foleni ikavunjika, kila mtu akasukuma kwenda mbele, na mimi nikasukuma.

Nikakanyaga kitu laini. Nikaangalia chini: mkono wa mwanamke, una hina nyeusi vidoleni. Mwenyewe alikuwa ameanguka chini ya miguu ya watu. Nilimwona kabisa. Nikauinua mguu wangu, nikauweka mbele ya ule mkono, nikaendelea kusukuma, kwa sababu jeneza lilikuwa karibu na nilitaka kumwona.

Wengine nyuma yangu walimwinua, nilisikia wakiitana. Sijui aliishia wapi. Katika yote ya wiki ile, huo mkono ndio unaonirudia zaidi, kuliko jeneza, kuliko vilio. Nilikuwa nalia kwa mapenzi ya mtu asiyenijua huku nimemruka aliyekuwa chini yangu, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Zamu yetu haikufika. Walisitisha kuaga, umati ulikuwa umezidi, wakaenda kuzika makaburi ya Kinondoni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa yule mama, nimebeba chanuo na uzi. Nilimkuta uani anachambua mchele, ule upande niliomsuka ameshaufumua, nywele zote amezikusanya ndani ya kilemba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamwambia nimekuja kummalizia, na sitaki pesa. Akasema nimwache kwanza, kichwa kinamuuma. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakanikwama, naye akaniwahi: "Kaa, unywe chai." Akaita ndani.

Chai aliileta binti yake. Alikuwa mrefu kunizidi, amevaa sketi ya shule iliyofupika, miguu peku. Akaweka kikombe, akachuchumaa pembeni yangu, akapunguza sauti ili mama yake asisikie.

"Dada, nasikia ulienda Leaders. Ulimwona?"

"Sikumwona," nikamjibu.