Chupa ya mawese iliyookoa jarida letu

Nilipotaka kuanzisha jarida la sanaa, mitindo na mapishi hapa Kigoma, ushauri ulionikera kuliko wote ulikuwa huu: jaladani weka picha ya Dar, ndipo litauzika. Nilikataa. Vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo vinashonwa na mafundi wetu wa kata ya Mwanga, samaki wetu migebuka wanaliwa kwetu. Tumsubiri nani aje kutuandikia?

Hela tulichanga watatu, milioni na ushee, nyingine tukalipa kidogokidogo.

Picha ya jalada ilitutesa. Nilitaka binti aliyevaa kitenge asimame ufukweni Kibirizi usiku, nyuma yake taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Tukakodi gari, nguo zimenyooshwa vizuri, tukafika. Ziwa jeupe kwa mbalamwezi, taa hata moja hakuna! Mama mmoja aliyekuwa anakunja turubai akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, mwezi mpevu huu nani aingie majini? Dagaa hawaifuati taa mbalamwezi ikiwaka." Tulirudi baada ya wiki mbili, giza totoro, na zile taa zikawa kama mji mwingine juu ya maji. Ukipanga picha za usiku huku, tazama mwezi kwanza.

Halafu picha ya mawese. Asubuhi yanaganda, yanakuwa mazito na kufifia. Yaanike juani mpaka yayeyuke, kisha yapige picha mwanga ukitokea nyuma ya chupa. Hapo wekundu wake unawaka wenyewe. Picha ilikuwa safi kabisa kwenye kompyuta. Prufu, yaani nakala ya majaribio, iliporudi kutoka kiwanda cha uchapaji Dar, mawese yamekuwa kahawia kama maji ya mfereji, na kitenge cha rangi ya chungwa kimepauka. Wakaniambia mashine ndivyo ilivyo. Ni kweli skrini hutoa mwanga na karatasi hupokea wino, rangi haziwezi kulingana moja kwa moja, lakini sikukubali kwamba mama zetu wanapikia tope.

Nikakata kipande cha kile kitenge, nikajaza mawese kwenye chupa ndogo, nikaifunga nailoni mara tatu, nikavituma kwa basi pamoja na flashi. Nikamwomba fundi wa mashine aiweke chupa mezani na kulinganisha kwa macho yake. Alirudia prufu mara mbili, akipunguza wino mweusi na kuongeza njano, bila kunung'unika. Kurasa zetu zilikuwa 30, naye akanikumbusha kwamba jarida la kubana pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Hizo mbili za nyongeza tukampa yule mama wa Kibirizi, aeleze anavyoanika dagaa.

Maboksi yaliposhuka stendi, sikutazama jalada kwanza. Nilifungua ukurasa wa mawese, nikausogeza juani.