Mchango wa kwanza wa usalama: anzia kwenye .github/workflows

Nairobi haina uhaba wa vijana wanaoijua Git na wanaotaka kusaidia usalama wa programu huria. Wengi hukosea pa kuanzia. Wanawasha skana (programu inayotafuta udhaifu kwenye msimbo) kwenye mradi mkubwa, wanabandika matokeo yote, na mtunzaji, ambaye pengine anaifanya kazi hiyo usiku bila malipo, anaifunga ripoti. Skana haijui kama mshambuliaji anaweza kuufikia huo msimbo. Kulithibitisha hilo ni kazi yako.

Fungua kwanza folda ya .github/workflows, yenye faili zinazoiambia GitHub ni kazi gani za kiotomatiki iufanyie mradi. Mara nyingi ina faili chache tu, na hatari yake si ya kubuni. Machi 2025 tj-actions/changed-files, hatua iliyotengenezwa tayari ambayo miradi mingi huiita ndani ya faili hizo, ilivamiwa, tagi za matoleo yake zikahamishwa zielekee kwenye komiti yenye msimbo mbaya, na siri (nywila na tokeni) za miradi iliyoitumia zikaanza kuchapishwa kwenye logi. Waliokuwa wameifunga kwa hashi ya komiti ya zamani walinusurika, kwa sababu tagi huhamishika, hashi haihamishiki.

Kwa hiyo ukikuta `uses: actions/checkout@v4`, badilisha hiyo v4 iwe hashi kamili ya tarakimu na herufi 40, kisha baada yake, kwenye mstari uleule, uandike `#` na toleo, ili binadamu naye aelewe na Dependabot, roboti ya GitHub ya kusasisha vitegemezi, iweze kulisasisha. Hashi utaipata hivi:

`git ls-remote --tags https://github.com/actions/checkout`

Hapa ndipo wengi huteleza. Tagi nyingine hutoa mistari miwili; chukua ule unaoishia na `^{}`, maana huo ndio komiti yenyewe, ule mwingine ni tagi tu. Usinakili hashi kutoka kwa foki (nakala ya mradi) ya mtu pia: GitHub huweza kuionyesha chini ya repo asili kana kwamba ni ya humo.

Kisha tazama ruhusa, yaani kile kazi hizo zinaruhusiwa kuufanyia mradi. Kama faili haina `permissions`, iweke juu kabisa, na chini yake `contents: read`. Kazi inayochapisha matoleo itakwama mara moja, kwa hiyo hiyo peke yake ipe `contents: write`. Muulize mtunzaji kabla ya kutuma, na utume faili moja kwanza. Faili ishirini kwa mpigo ni mzigo kwake.

Kama unatumia bando, `git clone --depth 1` itakuokolea data nyingi. Ukihitaji historia baadaye, tumia `git fetch --unshallow`.

Siku utakayokuta udhaifu wa kweli, usiuandike hadharani. Soma SECURITY.md, faili ya mradi inayoeleza jinsi ya kuripoti, au kwenye ukurasa wa Security wa mradi huko GitHub tumia kitufe cha Report a vulnerability kama mwenye mradi amekiwasha. Taja toleo, hatua za kuurudia, na kile mshambuliaji anachopata. Jaribu kwenye kompyuta yako pekee. Chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kunaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Wiki mbili zikipita kimya, mkumbushe mtunzaji kwa njia ileile ya faragha, ukimwambatishia kiraka pamoja na jaribio linalofeli kabla yake na kupita baada yake.