Baba wa Onyesho la 23A

Siku waigizaji walipokutana mara ya kwanza kusoma skripti ya filamu yangu kwa sauti, niliingia ukumbini nikijiona mwenye nyumba. Skripti ilitokana na tamthilia niliyoiandika mwenyewe, ikachezwa jukwaani misimu kadhaa, nami niliijua neno kwa neno, hadi pale mwigizaji anapotakiwa kuvuta pumzi. Mezani kila mtu alikuwa amewekewa nakala yake. Nikafungua yangu, na katikati ya kurasa nyeupe nikakuta kurasa za pinki.

Asiyeujua utaratibu huu nitamweleza kidogo. Skripti ya filamu ikishapitishwa, namba za maonyesho hufungwa, na kila badiliko huchapwa kwenye karatasi ya rangi nyingine ili kila mtu, kuanzia mwongozaji hadi mshika mavazi, ajue ana toleo gani mkononi. Kwa mpangilio wa Hollywood, ambao umeigwa kwingi, nyeupe ndiyo ya kwanza, halafu buluu, pinki, njano, kijani. Mstari uliobadilishwa huwekewa kinyota pembeni. Onyesho jipya haliruhusiwi kuvuruga namba za mengine, kwa hiyo likiingia kati ya la 23 na la 24 linaitwa 23A. Kurasa za buluu niliziandika mimi. Hizi za pinki sikuwa nimewahi kuzitia machoni.

Onyesho la 23A lilikuwa na mhusika aitwaye BABA.

Sasa, tamthilia yangu haina baba. Yaani yupo, ila amekufa kabla pazia halijafunguliwa. Mabinti zake wawili wamo chumbani mwake wakimsubiri wakili aje kuwasomea wosia, na muda wote wanabishana kuhusu mzee huyo alikuwa mtu wa namna gani. Mkubwa anamkumbuka mkatili, mdogo anamkumbuka mpole, na mtazamaji hana wa kumuuliza. Tamthilia yote ndiyo hiyo. Mlete yule mzee aseme maneno mawili tu mbele ya watu, ubishi umekwisha, na mabinti hawana kazi tena isipokuwa kutazama mlango.

Wakaanza kusoma. Mzee aliyepewa nafasi ya Baba alikuwa na sauti nzuri mno, jambo lililozidi kunikera. Wakati wa mapumziko nilimvuta mwongozaji kando.

"Dada," akaniambia, "jukwaani watu wanatazama chumba kimoja saa mbili bila kuchoka, kwa sababu waigizaji wako pale pale, jasho linawatoka wakionwa. Kamera ikiganda chumbani hivyo, mtu anatoa simu mfukoni." Kisha akanitolea mfano wa David Mamet, mwandishi wa tamthilia wa Marekani. Tamthilia yake Glengarry Glen Ross ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1984, na bado alipoiandikia skripti ya filamu ya mwaka 1992 aliongeza mtu anayekuja kuwatisha wauzaji, nafasi aliyoicheza Alec Baldwin. Katika tamthilia mtu huyo hayupo, na leo wengi wanaikumbuka filamu hiyo kwa sababu yake.

Nikamjibu kwamba Mamet alimwongeza kwa mkono wake mwenyewe.

Hoja ilikuwa tamu, ila haikuwa na nguvu yoyote. Kwa desturi ya jukwaa, hakimiliki hubaki kwa mwandishi. Kikundi hupewa ruhusa ya kucheza tu, na hakibadilishi mstari bila kumuuliza. Filamu nyingi haziendi hivyo. Kampuni inainunua skripti inakuwa mali yake, na ikitaka mwandishi mwingine aichezee, inamwajiri. Mkataba wangu ulisema hivyo waziwazi, nami niliusaini kwa akili timamu, maana bila sahihi ile pasingekuwa na filamu ya kugombania. Silaha iliyobaki ilikuwa moja: kuomba jina langu liondolewe.

Usiku huo niliwaza habari za August Wilson, mwandishi mweusi wa tamthilia wa Marekani. Tamthilia yake Fences ilifika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, mwaka 1987, na ilipotakiwa kuwa filamu alishikilia kwamba lazima iongozwe na mtu mweusi. Hakulegea. Akafariki mwaka 2005, na filamu ikatoka mwaka 2016 chini ya uongozi wa Denzel Washington, kwa skripti yenye jina la Wilson, ambayo iliteuliwa kuwania Oscar bila yeye kuiona. Kisa hicho nilikuwa napenda kuwasimulia waandishi chipukizi kama somo la msimamo. Safari hii niliona pia urefu wa miaka iliyopita katikati. Tena yeye alikuwa akigombania jambo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nagombania ukurasa mmoja na robo.

Basi nikausoma ukurasa huo mmoja na robo kana kwamba nimetumiwa na mtu nisiyemjua aniombe maoni. Mazungumzo yalikuwa mabovu: Baba alikuwa anajieleza, anatoa sababu, karibu aombe msamaha. Mhusika anayejieleza namna hiyo mara nyingi amezaliwa na mwandishi mwenye haraka. Lakini kitendo kilikuwa kizuri. Baba alikuwa anaitoa nje cherehani ya mama, binti mkubwa akiwa amesimama mlangoni. Na kitendo hicho hakikutoka hewani. Kilitoka katika hotuba ya binti mkubwa kwenye tamthilia, kurasa mbili nzima kuhusu siku cherehani ile ilipouzwa. Jukwaani hotuba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwabeba watu. Katika filamu ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo ningekuwa na dakika mbili za uso unaosimulia jambo ambalo kamera ingeweza kwenda kuliona yenyewe. Aliyeandika zile kurasa za pinki alikuwa ameliona hilo kabla yangu, na sikufurahi.

Kesho yake nilimtafuta. Alikuwa kijana, ana nakala ya tamthilia yangu iliyojaa maandishi ya penseli. "Dada, nilitaka kukupigia simu," alisema kabla sijafungua mdomo. "Wakaniambia umeshajulishwa." Nilimwamini. Tukaketi, na kufikia jioni tulikuwa na maonyesho mawili. Katika 23A, ambalo ni kumbukumbu ya binti mkubwa, Baba anampokonya mama cherehani. Katika 23B, kumbukumbu ya mdogo, mama ndiye anayemkabidhi, tena anamsaidia kuinyanyua. Mlango ni ule ule, nguo ni zile zile, na Baba ana mstari mmoja tu, usiobadilika hata herufi: "Ni lazima iondoke leo." Hotuba ya kurasa mbili ikabaki mistari minne. Niliifyeka mwenyewe, nisingevumilia mwingine aishike.

Mwongozaji aliyapenda, halafu akaomba 23C, onyesho la kile kilichotokea kweli. "Mtazamaji atataka kujua," alisema. Hapo nilikataa katakata, na yule kijana akasimama upande wangu, ingawa yeye alikuwa na kibarua cha kulinda. Tulibishana hadi mtayarishaji akaingia, akauliza onyesho hilo litahitaji muda gani wa kupiga picha. Akaambiwa nusu siku. Akasema hana nusu siku. Tulikuwa tumeleta hoja za sanaa kwa saa nzima, na kilichotuokoa ni ratiba.

Kurasa zikachapwa upya, safari hii za njano. Jina langu halikuondolewa, na la kijana likawekwa pamoja nalo, kwa pendekezo langu. Mzee mwenye sauti nzuri aliutamka ule mstari mmoja kwa namna mbili, ambazo watu waliotazama filamu bado huniandikia wakibishana ipi ndiyo ya kweli. Siwajibu.

Filamu ilipokwisha kuonyeshwa, kikundi kimoja kiliomba ruhusa ya kuicheza tamthilia upya. Walitaka pia kumleta Baba jukwaani, kama walivyomwona kwenye filamu. Niliwaandikia kwamba hapana, na kwa jukwaa neno hilo lilikuwa bado mikononi mwangu. Wakaandika tena kuuliza kama basi picha yake inaweza kutundikwa ukutani. Nayo nikaikataa.