Moto na uzee katika lugha za Skandinavia

Anayejifunza lugha za Skandinavia awe makini na "eld". Kwa Kiswidi ni moto, na d inasikika. Kideni huandika "ild", lakini d yake haitamkwi.

Mtego mkubwa uko kwenye Kiaislandi: "eldur" ni moto, ila "eldast" ni kuzeeka! Mswidi aliyezoea "eldas", yaani kuchomwa kama kuni, atapotea hapo hapo. Kwake kuzeeka ni "åldras". Mdenmark husema "ældes".

Asili ni mbili tofauti kabisa. Neno la uzee lina shina la kale "ald-", la umri. Sauti ya i iliyofuata zamani iliigeuza a kuwa e, likafanana na moto.

Nyumba ikiungua, Waswidi husema zaidi "brand", Wanorwe "brann".