Gego langu na punje ya mchanga

Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mwaka wa 16 huu, na kila mteja namwambia vilevile: wa kwangu ni wa kuanikwa juu ya chanja, hawana mchanga. Jumamosi nikajipikia hao hao, kwa mawese, na ugali wa muhogo. Tonge la tatu, kah! Gego la chini kushoto likamenyeka kipande. (Wenzangu wa mwaloni, chekeni tu. Ule mzigo nilichukua kwa mtu.)

Daktari akanichoma ganzi, akaziba. Nikamuuliza, kwani jino haliungi kama mfupa? Mwanangu alivunjika mkono akiwa darasa la nne na ukaunga. Akasema, "Mama, enameli haina fundi." Nikarudi nalo hilo nyumbani, mdomo mzito upande mmoja.

Usiku nikaanza kusoma kwenye simu. Enameli, lile gamba jeupe la juu, hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini. Karibu asilimia 96 yake ni madini. Hujengwa na seli ziitwazo ameloblasti jino likiwa bado ndani ya ufizi, na jino likichomoza seli hizo zinakufa. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama 6. Yaani mafundi wangu walikufa sijajua hata kusoma, na mimi sasa nina 49! Wenye mitumbwi mtanielewa: ni kama fundi kalafati, yule mziba nyufa, afe siku chombo kinashushwa majini.

Huko Seattle, Marekani, Hannele Ruohola-Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitangaza mwaka 2023 kwamba wamewatengeneza mafundi hao upya. Walichukua seli shina, zile ambazo bado hazijapangiwa kazi, wakazipa ishara kwa kufuata hatua wanazopitia watoto tumboni meno yanapoumbika. Hapa ndipo niliposoma mara mbili: ilibidi wakuze pia odontoblasti, seli za tabaka la chini ya enameli, ziwe majirani. Zilipokaa pamoja ndipo ameloblasti zikakomaa na kutoa protini tatu za kujengea enameli. Hayo yote ni kwenye vyombo vya maabara. Mdomoni mwa mtu bado.

Jumatatu nikarudi Kibirizi. Mteja wa kwanza akauliza, "Mama, hawa wana mchanga?" Nikachukua mmoja nikamtafuna mbele yake, upande wa kulia.